Viwiko vya Donald Bell

Tarehe 5 Julai 1916, katika mapigano ya Somme kaskazini mwa Ufaransa, luteni usu wa Kiingereza aitwaye Donald Bell aliinyamazisha bunduki ya rashasha ya Wajerumani. Tukio hilo limetuachia maandishi mawili, nayo hayapatani.

La kwanza ni tamko rasmi la kumtunuku Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa nchini Uingereza, lililotolewa Septemba mwaka huohuo. Hapo Bell ananyatia ndani ya handaki, kisha anachomoka mbio uwanjani katikati ya risasi, nyuma yake wakiwa Koplo Colwill na Askari Batey. Anamlenga mpigaji kwa bastola, kisha mabomu ya mkono yanamaliza kazi. Ni nathari kavu na ya haraka, yenye vitenzi vitupu. Hakuna anayeogopa humo.

La pili ni barua aliyomwandikia mama yake siku mbili baada ya tukio. Humo anasema hakufanya lolote: alirusha bomu tu, likabahatika kufika lilikotakiwa. Anataja kwamba mazoezi ya michezo yamemfaa, na kwamba viwiko na magoti vinamuuma kwa kutambaa juu ya mawe.

Michezo hiyo haikuwa ya kujifurahisha tu. Bell, mzaliwa wa Harrogate, alikuwa mwalimu wa shule na beki wa Bradford Park Avenue, klabu iliyopanda Ligi Daraja la Kwanza mwaka 1914. Vita vilipoanza aliiomba klabu imwachilie, akajiunga na jeshi kama askari wa kawaida.

Nilipoandika juu yake kwa ajili ya darasa la uzamili, rasimu yangu ya kwanza iliiacha barua nje. Niliona inamharibu shujaa wangu. Rasimu ya pili ikairudisha, safari hii kama ushahidi wa unyenyekevu. Nadhani zote mbili zilikosea, na ndivyo wengi wetu tunavyokosea tunapoandika maisha ya watu: tunachagua andiko moja liwe ukweli, na jingine tunaligeuza kuwa pambo.

Kila andiko lina msikilizaji wake. Tamko linasema na taifa lililo vitani, linalohitaji mashujaa. Barua inasema na mama, na mwana gani atamwambia mama yake kwamba alikimbilia mdomo wa rashasha? Kwa hiyo barua nayo inaficha. Isichoficha ni viwiko. Hapo mwili unasema bila kupangiwa maneno.

Lakini tumwamini kidogo mwenye barua. Tuseme kweli aliona kwamba alipona kwa bahati tu. Tarehe 10 Julai, huko Contalmaison, alishambulia tena kwa mabomu kwa namna ileile, akauawa. Alikuwa na umri wa miaka 25. Tamko linakipa kifo hicho sentensi moja ya mwisho, kana kwamba ni mwangwi wa tendo la kwanza.

Mimi nakisoma kinyume. Tarehe 5 huenda hakupata hata nafasi ya kufikiri. Tarehe 10 alikuwa ameshafikiri, na ameshaandika kwa mkono wake kwamba mara ya kwanza ilikuwa bahati. Anayejiona hashindiki akirudi vitani hatushangai. Bell alirudi akijua kwamba bahati haina mkataba na mtu. Tukiificha barua ili kumlinda shujaa, tunamnyang'anya ushujaa wenyewe.

Nishani alikabidhiwa mjane wake, Rhoda. Walikuwa wamefunga ndoa mwezi Juni, wiki tano tu kabla ya kifo. Tamko halimtaji. Rasimu yangu ya tatu inaanza naye.