Kingamwili haioni seli

Kwa anayehudhuria kliniki ya VVU, CD4, yaani hesabu ya seli T zenye protini ya CD4, ni namba iliyo kwenye kadi yake: ikipanda ni nafuu, ikishuka ni wasiwasi. Katika maabara kubwa namba hiyo hutolewa na saitometa ya mtiririko, mashine inayopitisha seli mojamoja mbele ya leza na kupima mng'ao wa rangi zilizofungwa kwenye kingamwili. Watafiti wa kinga hutumia njia hiyohiyo kwa panya wadogo wa maabara, nao humfanyia panya mambo ambayo hakuna mgonjwa angefanyiwa, ikiwemo kumwondolea kwa makusudi seli T za aina moja ili waone ataishije bila hizo. Baada ya hapo huchukua wengu, hupaka rangi, na grafu huonyesha kwamba seli T zenye CD4 hazipo. Ninachobisha ni usomaji wa grafu hiyo. Inachoonyesha ni kwamba kingamwili fulani haikupata pa kushika, na kutoka hapo hadi kusema seli zimekwisha bado kuna hatua inayodai ushahidi wake.

Sababu iko katika namna kingamwili hizi zinavyopatikana. Panya mdogo hashambulii kirahisi protini za mwili wake mwenyewe, kwa hiyo protini zake hudungwa panya mkubwa au hamsta, kisha seli B za mnyama huyo huunganishwa na seli za saratani aina ya mieloma kwa mbinu ambayo Georges Köhler na César Milstein waliitangaza mwaka 1975 wakiwa Cambridge. Kila kloni inayopatikana hutoa kingamwili ya aina moja tu, inayoshika kijisehemu kimoja tu cha protini. Kloni 145-2C11 ya hamsta, iliyoelezwa mwaka 1987, hushika kipande cha epsiloni cha CD3, protini ya seli T zote; GK1.5 ya panya mkubwa hushika CD4; 53-6.7 hushika CD8, alama ya aina nyingine ya seli T. Rangi huongezwa baadaye: FITC, ikipigwa na leza ya nanomita 488, hutoa mwanga wa kijani wa karibu nanomita 520, na PE, protini inayotokana na mwani mwekundu, hutoa wa karibu 578. Mashine yenyewe haijui seli T ni nini. Inapima mwanga tu. Jina tunaliweka sisi.

Sasa turudi kwa panya aliyeondolewa CD4. Kloni inayotumika sana kwa kazi hiyo ni hiyohiyo GK1.5, inayodungwa mwilini kwa wingi ili seli zilizoshikwa ziangamizwe. Tuseme baadhi zimesalia. Zitakuwa zimefunikwa na GK1.5 isiyo na rangi, na mtafiti akileta GK1.5 yenye rangi atakuta kiti kimeshakaliwa. Seli ipo, CD4 yake ipo, lakini mwanga haupo. Kubadili kloni bila kuangalia hakusaidii, kwa maana RM4-5 nayo huzuiwa na GK1.5. Inayopita ni RM4-4, kwa kuwa hushika upande mwingine wa CD4. Njia nyingine ni kuhesabu seli zenye CD3 zisizo na CD8, au kuleta kingamwili yenye rangi inayotambua kingamwili ya panya mkubwa, ili ile iliyofunika seli ijifichue.

Kwamba hili si wasiwasi wa darasani tu, ugomvi juu ya seli T dhibiti, zile zinazotuliza kinga, unatosha kulionyesha. Kwa miaka mingi seli hizo zilitambuliwa kwa CD25 na kuondolewa kwa kloni PC61, na CD25 ilipotoweka kwenye grafu ikaandikwa kwamba zimeondolewa. Mwaka 2006 makala moja katika Journal of Immunology ilipinga: seli hazikuondolewa, zilinyamazishwa tu. Kilichosaidia kuamua ni Foxp3, protini ya ndani ya kiini ambayo umuhimu wake kwa seli hizo ulikuwa umeonyeshwa mwaka 2003, na ambayo PC61 haiwezi kuifunika. Ilipotumiwa kuhesabu, ilionekana kwamba sehemu ya seli zilikufa kweli, zikimezwa na seli walaji, na sehemu zilibaki zikiwa hazionyeshi CD25. Kwa hiyo kila upande ulikuwa na kipande cha ukweli, na hakuna ambaye angekipata kwa kuitazama CD25 peke yake.

Atakayepinga atasema kloni hizi zimetumika kwa miongo kadhaa na wengu wa panya wa kawaida hutoa picha ileile kila mara. Ni kweli, na sina ugomvi na wengu wa panya ambaye hajaguswa. Shida huanza pale jaribio lenyewe linapoigusa molekuli inayopimwa: seli T iliyoamshwa huvuta CD3 yake ndani, na baadhi ya vimeng'enya vya kutenganisha seli za tishu hukata protini za juu ya seli. Mwingine atasema tuongeze rangi, maana mashine za leo hupima zaidi ya 30 kwa pamoja. Rangi nyingi husaidia kupunguza kosa la upande wa pili, la kuona seli T pasipo na seli T. Seli za dendriti za panya, kwa mfano, baadhi hubeba CD8. Makrofaji hunasa mkia wa kingamwili yoyote wasipozibwa kwanza kwa kloni 2.4G2, na seli zilizokufa hunata kila kitu. Lakini kijisehemu kilichofunikwa hakifunuki kwa kuongezewa majirani wenye rangi, na kila rangi mpya humwaga mwanga wake kidogo kwenye chaneli ya mwenzake, kama FITC inavyoingia kwenye ya PE.

Pingamizi lenye uzito kuliko yote ni la gharama, hasa kwa maabara inayoagiza kila chupa kutoka nje. Ila kipimo ninachodai hapa ni mrija mmoja wa ziada wenye RM4-4, pamoja na mstari mmoja katika sehemu ya mbinu unaotaja kloni iliyodungwa panya na kloni iliyosoma matokeo. Makala isiyotaja kloni hizo mbili humnyima msomaji njia ya kujua kama sifuri iliyochapishwa ni ya seli au ya kijisehemu kilichofunikwa.