Kumsoma Mbwa Pichani: Mwongozo wa Kutambua Picha Njema na Mafunzo Bora

Kwenye kundi la WhatsApp la familia, picha ya mbwa haikosi sifa. Manyoya yakimeta na ulimi ukiwa nje, majibu ni yale yale: jamani, kapendeza! Mjuzi wa picha za mbwa hakimbilii kusifu. Kwanza hutazama kama mbwa yule alikaa mbele ya kamera kwa ridhaa au kwa woga. Hapo ndipo picha njema inapoachana na ya hovyo, na hapo hapo mbwa aliyefundishwa anapoachana na mbwa aliyetishwa. Ndiyo maana fani hizi mbili, kupiga picha na kufunza, hupimwa kwa kipimo kimoja: mwili wa mbwa mwenyewe.

Anza na mwili, mandhari baadaye

Mbwa aliyetulia hakazi midomo. Macho yake ni malegevu, na miguu yote minne inabeba uzito sawa. Mwenye wasiwasi hujilamba pua ilhali hakuna chakula, hupiga mwayo ilhali hana usingizi, au hugeuza kichwa pembeni huku jicho likibaki pale pale, mpaka weupe wake ukajitokeza kama mwezi mwandamo. Turid Rugaas, mkufunzi wa mbwa wa Norwei, ndiye aliyezipa ishara za namna hii umaarufu.

Hata hivyo, kila mbwa ana kawaida yake. Basenji, mbwa mwenye asili ya Kongo, mkia wake umejikunja juu ya mgongo kwa maumbile, na masikio ya German Shepherd husimama hata kama hakuna kilichomshtua. Aliyekatwa mkia akiwa mdogo hana mkia wa kusomwa. Kwa hiyo mlinganishe mbwa na alivyo yeye mwenyewe akiwa amejipumzikia kibarazani, usimlinganishe na mbwa wa jirani.

Picha mbili zinazodanganya

Ya kwanza ni ya mtoto aliyemkumbatia mbwa shingoni. Wazazi huipenda kuliko zote. Mwaka 2016 mwanasaikolojia Stanley Coren wa Kanada alipitia picha 250 za mbwa waliokumbatiwa, zilizokuwa mtandaoni, akaona dalili za mfadhaiko katika asilimia 82 hivi. Haukuwa utafiti rasmi, lakini chukua picha kama hiyo uikague: ziba uso wa mtoto kwa kidole gumba, tazama wa mbwa peke yake. Mara nyingi utaona midomo imekazwa na masikio yamelazwa nyuma. Picha bora ya mtoto na mbwa ni ile ambayo wameketi bega kwa bega, na mbwa ana upenyo wa kuondoka akitaka.

Ya pili ni ya mbwa "mwenye hatia": kiatu kimetafunwa, kichwa kimeinama, macho yanatazama kutoka chini. Watu hucheka wakasema anajua alichofanya. Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz wa Marekani alilipima jambo hili. Akagundua kwamba sura ile hutokea mwenye mbwa anapogomba, hata kama mbwa hakufanya kosa lolote. Picha hiyo basi inamwonyesha mbwa aliyegombezwa tu. Mkufunzi anayejitapa nayo amejieleza mwenyewe.

Kimo, mwanga na rangi

Elliott Erwitt, mpiga picha aliyefariki mwaka 2023, alipiga picha New York mwaka 1974, kamera ikiwa chini usawa wa uso wa chihuahua aliyevikwa kofia. Mwenye mbwa anaonekana viatu tu, na mbwa mkubwa wa pembeni ni miguu mitupu. Kimo hicho ndicho kipimo cha kwanza cha ufundi. Picha iliyopigwa na mtu aliyesimama wima hutoa kichwa kikubwa na miguu mifupi. Lenzi pana ya simu ikisogezwa karibu mno nayo huivimbisha pua. Piga magoti, rudi nyuma hatua mbili.

Jua la saa sita huangusha vivuli machoni. Mwanga wa kabla ya saa tatu asubuhi, wa baada ya saa kumi jioni, au wa barazani na dirishani ndio unaofaa. Tafuta nukta ya mwanga ndani ya jicho, kwani bila hiyo jicho huonekana limekufa. Fleshi iepukwe: nyuma ya jicho la mbwa kuna utando unaorudisha mwanga, ndiyo sababu macho hutoka ya kijani au ya njano, na mwako wenyewe humshtua.

Mtihani mgumu ni mbwa mweusi. Kamera huona weusi mwingi, ikaongeza mwangaza, mbwa akatoka wa kijivu. Gusa jicho lake kwenye kioo cha simu, kisha shusha mwangaza kidogo. Kwa mbwa mweupe fanya kinyume. Picha ya mbwa mweusi iliyofuzu huacha weusi uwe weusi, na bado nywele za bega zikatofautika na za sikio. Kama anakimbia, kasi ya shata isiwe chini ya 1/500 ya sekunde. Hali ya simu inayofifisha mandhari ya nyuma nayo ichunguzwe, maana hupenda kula sharubu na ncha za masikio.

Kupima mafunzo

Mwombe mwenye mbwa akuonyeshe jambo moja tu: "Kaa." Kisha hesabu. Je, amesema mara moja au mara tano? Kwa sauti ya kawaida au kwa ukali? Mkono ulikuwa mtupu, au kipande cha nyama kilitangulia? Mtoto na dada wa kazi wakisema wao, mbwa anakaa? Na getini, bodaboda ikipita?

Halafu tazama wakati wa kutoa zawadi, ambapo wengi huharibu. Mama anasema, "Simba, kaa." Simba anakaa. Mama anafungua mfuko, anapekua, anatoa nyama. Simba ameshasimama, anapewa. Amelipwa kwa kusimama, na kesho atasimama upesi zaidi. Mwenye ujuzi husema "vyema" makalio yanapogusa sakafu, kisha nyama ikafuata. Ndiyo kazi ya kile kidude kinacholia "tik", ambacho Karen Pryor, aliyewahi kufunza pomboo Hawaii, alikieneza kwa wafuga mbwa. Mpiga picha naye huhitaji wepesi huo huo: kamera iwe tayari kabla mbwa hajakaa.

Mwisho, mwite mbwa. Akija moja kwa moja, mwili umelegea, amefundishwa. Akija anatambaa, mkia katikati ya miguu, ametii kiboko. Na mbwa aliyekuwa akikaa vizuri, ghafla akakataa, huenda nyonga zinamuuma. Hapo anahitaji daktari wa mifugo.

Samaki mkunje angali mbichi, kweli, na wiki za mwanzo za mtoto wa mbwa zina thamani kubwa. Lakini mbwa mzima naye hujifunza. Ili aizoee kamera, weka simu sakafuni, mpe nyama anapoinusa, inyanyue, mpe, bofya, mpe. Dakika chache zatosha, na acha angali anataka. Kama kitu chake cha kuchezea ni mpira, chagua wa bluu au wa njano, kwa sababu mbwa hupotewa na mwekundu kwenye majani.

Ukitaka kulipa mtu

Awe mkufunzi au mpiga picha, mwambie akuonyeshe video isiyokatwa, tangu mbwa anaingia mpaka anatoka. Tazama sekunde za mwisho: akiruhusiwa kwenda, mbwa anabaki karibu au anatoroka? Angalia pia kama anamtii mwenye nyumba, au fundi peke yake. Na anayekutaka umwachie mbwa bila wewe kuwapo, aje akurudishie "amenyooka", usimpe hata senti ya kianzio.