Bwana Msa Hakufika Ujiji

Nilianza kusoma hadithi za upelelezi nikiwa mwanafunzi hapa Ujiji, kwa mwanga wa kandili, wazee wakiwa wamekwisha lala. Cha kwanza kilikuwa Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichotoka mwaka 1960. Baadaye nikaazima Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, ya mwaka 1965, nakala ambayo kurasa zake za mwisho zilikuwa zimenyofolewa, ikanibidi nimwulize mwalimu ni nani aliyeua. Vitabu hivyo vilinifundisha Kiswahili kuliko darasa lolote. Lakini vilinifundisha pia jambo moja la uongo, na gharama ya uongo huo aliilipa mtu mwingine.

Ilikuwa mwaka 1988. Alfajiri moja, mlinzi wa duka dogo mtaani kwetu alikutwa amelala barazani, kichwa kimepasuliwa. Sisi tuliofika kwanza tulikuwa watu wanne au watano, na tulifanya kila ambalo watu wema hufanya. Tulimgeuza tuone kama bado anapumua. Tulipoona amekwisha, tulimfunika shuka, tukambeba na kumwingiza ndani ili watoto wasimwone. Mama mmoja, kwa huruma, alileta ndoo ya maji na ufagio akaosha damu. Nami, msomaji wa Bwana Msa, niliokota rungu lililokuwa chini, nikaligeuzageuza nikitafuta dalili, kisha nikaliegemeza ukutani. Kufikia jua kuchomoza, nusu ya mtaa walikuwa wamelishika.

Askari walipofika hawakukuta eneo la tukio. Walikuta baraza safi. Kilichobaki kilikuwa maneno, na maneno yalimwelekea kijana aliyegombana na marehemu juu ya deni siku mbili kabla. Alikaa rumande zaidi ya mwaka mmoja, akaachiwa kwa kukosekana ushahidi. Aliachiwa, lakini hakusafishwa. Watu waliendelea kupunguza sauti kila alipopita, hata akahama akaenda kuishi mwambao wa kusini. Kama aliua au hakuua, mpaka leo hakuna ajuaye, na mimi ni mmoja wa waliohakikisha kwamba hakuna atakayejua.

Tangu hapo nimekuwa nikizisoma upya hadithi zile kwa jicho jingine. Katika hadithi za Bwana Msa, mahali pa mauaji pana subira ya ajabu. Bwana Ali anakutwa maiti mzimuni, na mzimu wenyewe unakaa kimya kumngoja mjuzi aje na kiko chake. Akifika, kazi yake kubwa ni kusikiliza. Nani alizaa na nani, nani alinyimwa urithi, nani anaficha jina la baba yake. Hii ni sifa ya mwandishi, wala siibezi. Alijua kwamba katika visiwa ambamo kila mtu amjua mwenzake, siri ya ukoo hufungua milango mingi. Ila msomaji hufunga kitabu akiamini kwamba ukweli umo katika kichwa cha mtu mmoja mwerevu, na kwamba mahali penyewe patasubiri.

Katalambulla alikaribia zaidi, kwa kuwa Wingo wake ni askari, mtu wa ofisi na amri. Ben Mtobwa, mtoto wa mkoa wetu wa Kigoma aliyefariki mwaka 2008, alikwenda upande mwingine kabisa. Joram Kiango wake ana risasi, ana warembo, ana maadui wenye fedha, na eneo la tukio kwake ni mahali pa kupita mbio kuelekea hatari nyingine. Nilimpenda Joram kama vijana wote wa wakati wangu. Lakini sikumbuki kumwona akikaa chini kupima umbali kutoka mlangoni hadi kwenye maiti.

Kwani kazi yenyewe ni hiyo, nayo haina fahari. Askari wa kwanza kufika huangalia kwanza kama kuna uhai wa kuokoa. Akishaona hakuna, huzuia watu, hufunga kamba kwa upana kuliko anavyodhani panahitajika, na huchagua njia moja tu ya kuingilia na kutokea. Huandika saa, huandika majina ya waliokwisha ingia. Picha hupigwa na mchoro wenye vipimo huchorwa kabla ya chochote kuguswa. Ndipo vitu huokotwa, kila kimoja na mfuko wake na lebo yake. Nguo yenye damu hukaushwa kivulini ikatiwa katika karatasi, si katika nailoni, kwa sababu unyevu huiozesha. Mfaransa Edmond Locard, aliyeanzisha maabara yake mjini Lyon mwaka 1910, alijenga mafundisho yake juu ya wazo kwamba kila mguso huacha kitu na huchukua kitu. Vidole vyangu juu ya lile rungu viliacha alama zangu, na labda vilifuta za mwingine.

Wala kuokota si mwisho. Mahakama yetu ya Rufani, katika rufaa ya mwaka 2007, ilisisitiza kwamba lazima kuwe na kumbukumbu za maandishi zinazoonyesha kielelezo kilikamatwa na nani, kikatunzwa na nani, kikapelekwa kwa nani, mpaka kilipofikishwa mahakamani. Baadaye mahakama hiyo ililegeza kamba kidogo kwa vitu visivyobadilishwa kwa urahisi, lakini msingi umebaki. Kielelezo kisicho na historia ni sawa na mtoto wa kuokotwa. Kila mtu aweza kumpa baba amtakaye.

Sisi wa Ujiji tungepaswa kulijua hili kuliko watu wengine. Tukio letu mashuhuri kuliko yote, la Stanley kukutana na Livingstone mwaka 1871, ni kesi yenye ushahidi mbovu. Salamu ile inayorudiwa na kila mgeni twaijua kutoka kwa Stanley mwenyewe. Livingstone hakuiandika, na kurasa za shajara ya Stanley zilizohusu mkutano huo zilichanwa. Hata tarehe ina ubishi. Mwembe wa asili ulikufa zamani, na miti tunayowaonyesha wageni ni wajukuu wake. Tumejenga mnara juu ya maneno ya shahidi mmoja, nasi hatuoni ajabu. Basi tutamshangaaje mtu anayemfunga jirani yake kwa maneno ya barazani?

Na ziwani mambo ni magumu zaidi. Wavuvi wa dagaa huvua usiku, taa zikiwaka juu ya maji. Majambazi wakija kupora injini, maji hayatunzi nyayo, na ziwa hili lina kina cha karibu mita 1,470, kwa hiyo kinachotupwa hakirudi. Hapo hubaki jicho la mvuvi. Nalo jicho lina masharti. Mwaka 1980 Mahakama ya Rufani iliagiza lihojiwe: alimwona kwa muda gani, kwa umbali gani, kwa mwanga gani, na je, alimfahamu kabla? Aliyekaa kando ya taa kali akitazama gizani anajua jinsi taa hiyo inavyompofusha. Hiyo peke yake ingetosha kuwa riwaya, na laiti ingeandikwa na mtu wa Kibirizi.

Najua nitaambiwa kwamba kumwacha maiti wazi ni kumvunjia heshima. Dini na mila zetu zinataka asitiriwe, tena upesi. Nimelifikiria jambo hili miaka mingi. Kumsitiri marehemu ni wema, lakini watu wawezao kugeuka na kutazama pembeni, wakasimama mkono kwa mkono kuwazuia watoto na umati, nao wanamsitiri. Tulichokifanya sisi kilimsitiri marehemu kwa saa moja, na kikamsitiri aliyemwua maisha yake yote.

Kwa hiyo sidai kwamba Bwana Msa alikosea. Yeye alifanya kazi ya hadithi, na aliifanya vizuri. Ninalodai ni kwamba fasihi yetu ya upelelezi imemtukuza anayefika mwisho ikamsahau anayefika mwanzo: jirani aliyesikia kishindo, mke aliyefungua mlango, askari wa zamu asiye na gari. Hao ndio wenye kesi mikononi mwao, na katika vitabu nilivyosoma hawana hata jina. Ningependa kijana wa leo asome hadithi moja ambayo shujaa wake anafika barazani alfajiri, anaona rungu chini, anatia mikono yake mfukoni, na anasimama pale pale mpaka askari waje.