Baiskeli Isiyolalamika

Baiskeli ya kawaida ni chombo chenye ulimi. Mnyororo ukikauka, mapaja ya mwendeshaji hujua kabla ya masikio yake. Tairi likipungua upepo, kila mwinuko mdogo hugeuka kilima, na breki inayokwaruza rimu humchosha mtu hata akashuka kutazama kuna nini. Baiskeli ya umeme, yaani baiskeli iliyofungwa mota inayosaidia miguu kwa nguvu za betri, imenyang'anywa ulimi huo, kwa sababu kila kasoro ambayo zamani ililipiwa na mwili wa mwendeshaji sasa hulipiwa na betri, kimyakimya, naye huendelea kukanyaga pedali akiamini kwamba mambo ni shwari mpaka siku chaji inapomwishia njiani. Ufundi wa kumiliki chombo hiki, ambao ndio unaosifiwa hapa, ni ufundi wa kulirudisha lalamiko hilo mahali linapoweza kusikika tena.

Chombo chenyewe si kipya kama wengi wanavyodhani. Ogden Bolton, Mmarekani wa mji wa Canton katika jimbo la Ohio, alipewa hataza, yaani hati ya serikali inayolinda haki ya mvumbuzi, tarehe 31 Desemba 1895 kwa baiskeli yenye mota ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, na mchoro wake, wenye betri iliyoning'inizwa chini ya bomba la juu la fremu, haungemshangaza fundi wa leo. Kilichopungua wakati ule ni betri nyepesi na namna ya kuitawala mota. Mwaka 1993 kampuni ya Yamaha ya Japani ilitoa baiskeli iliyopima nguvu ya mguu kwenye pedali na kuongeza nguvu ya mota kwa kadiri ya kipimo hicho. Betri za lithiamu-ioni, ambazo kampuni ya Sony ilianza kuziuza mwaka 1991, na ambazo ziliwapatia John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019, ziliuondoa mzigo wa betri za risasi. Sheria za Umoja wa Ulaya nazo ziliweka mpaka unaofuatwa na watengenezaji wengi: mota isizidi wati 250, na ikome kusaidia mwendo unapofika kilomita 25 kwa saa.

Gharama kubwa iko kwenye betri, na hapo ndipo uangalifu wa mwenye chombo unapopimwa. Betri ya volti 36 na ampia-saa 10, ambayo ni ya kawaida kwa baiskeli za kwendea kazini, ni mkusanyiko wa seli, aghalabu mirija ya chuma yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, zilizopangwa katika mafungu 10 yanayofuatana kama watu walioshikana mikono. Kila fungu lina volti 3.6 kwa wastani na volti 4.2 linapojaa, ndiyo maana chaja yake huandikwa volti 42, jambo linalowatia wasiwasi wanunuzi wanaodhani wamepewa chaja isiyo yake. Ukizidisha 36 kwa 10 unapata wati-saa 360, yaani chini ya nusu ya uniti moja ya umeme wa LUKU, ule unaolipiwa kabla, kiasi ambacho pasi ya nguo hukimaliza kabla ya nusu saa, na ambacho humfikisha mwendeshaji mwenye bidii ya wastani kilomita 30 au zaidi. Lakini kwa kuwa mafungu yamefuatana, fungu dhaifu kuliko yote ndilo lenye kauli: likishuka karibu na volti 3, saketi ya ulinzi iliyomo ndani ya betri hukata umeme wote, hata kama mafungu mengine tisa bado yana akiba. Joto na kukaa muda mrefu ikiwa imejaa pomoni ndivyo vinavyoichosha betri mapema. Kwa hiyo mwenye kujua huiacha ipoe kivulini kabla ya kuichaji, haichaji usiku kucha kando ya kitanda, na akisafiri kwa wiki kadhaa huiacha ikiwa na nusu ya chaji.

Uendeshaji nao una adabu yake. Mota hula umeme mwingi zaidi gurudumu linapoanza kuzunguka kutoka hali ya kusimama, na sehemu kubwa ya umeme huo hugeuka joto badala ya mwendo, kwa hiyo mwendeshaji stadi huweka gia nyepesi kabla ya kusimama kwenye taa za barabarani, huondoka kwa miguu yake mwenyewe mizunguko miwili mitatu, kisha huikaribisha mota. Kuhusu upepo, wakazi wa pwani wana msamiati wa kale unaowafaa sana hapa: kusi, upepo utokao kusini, na kaskazi, utokao kaskazini. Jijini Dar es Salaam, anayetoka Tegeta kwenda Posta kwa Barabara ya Bagamoyo katika miezi ya kusi huwa ameelekeza uso wake upepo unakotoka, na kwa kuwa ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa kasi, kupunguza mwendo kutoka kilomita 25 hadi 20 kwa saa hupunguza ukinzani huo kwa zaidi ya theluthi moja siku isiyo na upepo. Siku ya kusi faida haiwi kubwa hivyo, lakini bado hupatikana. Nahodha wa jahazi asingehitaji kuelezwa hayo. Mwendeshaji wa mjini, aliyezoea kusoma chaji kwenye kioo kidogo cha usukani, huhitaji msimu mzima kabla hajaanza kupanga safari zake kwa kaskazi na kusi.

Njia ya kuirudishia baiskeli ulimi wake ni nyepesi mno kiasi kwamba wengi huidharau. Mara moja kwa wiki, katika kipande cha barabara kilicho tambarare na tulivu, mwenye chombo huzima mota na kuendesha kwa nguvu za miguu pekee mita mia mbili au tatu, kisha huacha kukanyaga na kusikiliza. Hapo kila kitu husema. Mnyororo mkavu hulia kama ndege mdogo. Beringi iliyoingia maji hunguruma chinichini. Pedi ya breki inayogusa diski hutoa mkwaruzo unaokuja na kutoweka kila gurudumu linapozunguka, dalili kwamba diski imepinda. Na spoku iliyolegea hupiga mlio mfupi mzito tofauti na wenzake, ambao fundi huuthibitisha kwa kuzigonga spoku moja moja kwa spana kama mpiga zeze anayejaribu nyuzi. Baada ya sikio huja rula: mnyororo mpya, ukipimwa kutoka kwenye pini moja hadi pini ya 24 baada yake, una urefu wa inchi 12 kamili, na ukizidi kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi wakati wa kuubadilisha umefika. Ukiachwa mpaka uzidi kwa sehemu moja ya nane, huwa umeshakula meno ya gia, na bei ya uvivu huo huwa kubwa kuliko bei ya mnyororo. Wenye mota iliyofungwa penye pedali, ambayo hupitisha nguvu zake kwenye mnyororo, wana sababu zaidi ya kuishika rula hiyo kuliko wenye mota ya kitovuni, ambayo huzungusha gurudumu moja kwa moja.

Pancha ndiyo inayoonyesha jinsi ujuzi wa zamani ulivyobaki na thamani yake. Kulitoa gurudumu la nyuma lenye mota ni kazi ndefu: waya huchomolewa kwenye kiungo chake, nati mbili kubwa hufunguliwa, na washa yenye jino, inayozuia ekseli isijizungushe yenyewe kwa nguvu ya mota, lazima irudishwe ilivyokuwa, kwani ikisahaulika ekseli huzunguka na kuisokota waya mpaka ikatike. Fundi aliyejifunzia kazi kwenye Phoenix, baiskeli zile za chuma ambazo nazo hazikuwa nyepesi hata kidogo, haligusi gurudumu. Huipindua baiskeli juu ya gunia ili kioo cha usukani kisichubuke, hubandua ubavu mmoja wa tairi, huivuta tyubu nje kama utumbo wa samaki, huijaza upepo na kuipitisha kipande kwa kipande katika karai la maji mpaka mapovu yanapojitokeza. Hupapasa ndani ya tairi kwa vidole kutafuta mwiba uliobaki, huparuza tyubu kwa msasa, hupaka solusheni, kisha husubiri. Kusubiri huko ndiko kunakomtofautisha fundi na mbabaishaji, kwa sababu kiraka hushika pale tu solusheni inapokauka kiasi cha kutonata kwenye mgongo wa kidole, na mteja mwenye haraka hawezi kuibadili kanuni hiyo.

Hata ndani ya umeme wenyewe mikono ina nafasi. Mota hizi hazina brashi, yaani vipande vya kaboni vinavyosugua ili kupeleka umeme. Badala yake kidhibiti, ambacho mafundi wengi hukiita kontrola, hupeleka umeme kwa zamu kupitia nyaya tatu nene, kikiongozwa na vihisi vitatu vinavyotambua mahali sumaku zilipo. Baiskeli ikigoma, fundi asiye na kifaa chochote bado anaweza kuihoji: huondoa betri, huzichomoa nyaya tatu kutoka kwenye kontrola, huunganisha ncha mbili, kisha huzungusha gurudumu, kinyumenyume kama mota ina gia ndani. Mota iliyo nzima hukataa, ikizunguka kwa kukwamakwama. Jozi ya nyaya ambayo haileti ukinzani huo ndiyo iliyokatika ndani, na mota inayokwama hata kabla ncha hazijaunganishwa ina nyaya zilizogusana mahali fulani. Katika miji ya pwani, Tanga, Mombasa au Unguja, fundi mwenye busara huanza na jambo dogo zaidi, nalo ni kufungua viungo vya waya na kutazama kama chumvi ya hewani imekwisha kuotesha ukungu wa kijani kwenye shaba, maana mara nyingi ugonjwa wote ni huo, na dawa yake ni kusafisha na kupaka grisi kidogo.

Liko jambo moja ambalo halistahili kusifiwa popote. Wapo wanaoiruka saketi ya ulinzi ya betri kwa kuunganisha waya moja kwa moja, ili baiskeli iliyokuwa ikizimika itembee tena na mteja aondoke amefurahi. Saketi hiyo huzima kwa sababu fungu mojawapo linaumwa, na seli ya lithiamu inayolazimishwa huweza kushika moto usiozimika kwa urahisi ndani ya nyumba. Anayefanya hivyo hajatengeneza kitu, na asilipwe.

Kwa anayekusudia kununua, ombi ni hili: kabla hajaanza kuvutana na muuzaji juu ya bei, aombe mchoro wa nyaya, aina ya seli zilizomo ndani ya betri na urefu wa spoku za gurudumu lenye mota, aviandike vyote kwenye karatasi, na karatasi hiyo aipeleke kwa fundi wa mtaani kwake siku ileile.