Hasira ya tiki mbili inatoka wapi?

Wasomi wenzangu, mwaka 1997 Rosalind Picard, profesa wa MIT kule Marekani, alitoa kitabu Affective Computing. Wazo lake: kompyuta ifundishwe kutambua hisia zetu kwa uso, kwa sauti, hata kwa mapigo ya moyo. Kitabu kilifungua njia kubwa, hatubishi. Ila mimi naona kinachukua hasira ao furaha kama kitu kilichokwisha kuiva ndani ya mtu, mashine ije tu kukipima kama daktari anavyopima homa.

Tuangalie WhatsApp, maana kwa wengi wetu hapa Kazimia telefone ndiyo kompyuta. Tangu Novemba 2014, ujumbe uliosomwa unapata tiki mbili za bluu. Alama tu. Lakini dada anamuandikia muchumba wake aliye Uvira, tiki zinageuka bluu, jibu halikuji. Nusu saa, kimya. "Ameona, ananizarau!" Kumbe mwenzake alisoma, kisha rezo ikaenda, ao mega zikaisha, ao telefone ikazima na umeme hakuna. Hasira ile asubuhi haikuwa ndani ya dada, na ndani ya telefone haikuwa. Imezaliwa kati yao, katika ile nusu saa. Tiki ilimuonyesha kwamba ujumbe umesomwa. Haikumuonyesha kwamba rezo imekwenda. (Unaweza kuzima tiki hizo, ndiyo. Halafu unaulizwa unaficha nini.)

Mwaka 2007 Kirsten Boehner na wenzake waliandika jambo karibu na hilo: hisia hutengenezwa katika mahusiano na desturi za watu, kwa hiyo kompyuta isaidie watu kuelewa hisia zao wenyewe kuliko kuwaamulia wanasikia nini. Nawaunga mkono, na si kwa sababu ya wachumba tu.

Sisi tunatafuta kazi. Kwetu kijana anashusha macho mbele ya mukubwa, na hiyo ni heshima. Kamera iliyofundishwa kwa nyuso za mbali inaweza kuandika: hajiamini. HireVue, kampuni ya Marekani inayochuja waomba kazi kwa video, ilikuwa inapima hata nyuso zao. Mwaka 2021, kisha kulaumiwa sana, ilitangaza kwamba imeacha. Waliokuwa wamekwisha kupimwa, alama zao zilikwisha kuandikwa.