Mashine pepe si pepe

Neno "pepe" limetuponza kidogo. Kwenye barua pepe halina tatizo, tumeshalizoea. Lakini aliyewahi kupepeta mpunga anajua pepe ni nini: punje isiyo na kitu ndani, inayopeperuka kwenye ungo. Basi mtu akiambiwa VirtualBox itampa "mashine pepe", anadhani anapewa kompyuta ya pili isiyo na uzito. Hapo ndipo penye lawama yangu, na zaidi ni kwa namna tunavyoisifia programu hii kwa wanafunzi.

Nianze na sifa zake, maana zipo. VirtualBox ilitengenezwa na kampuni ya Kijerumani, Innotek, ikaachiliwa kwa umma mwaka 2007 na leo iko mikononi mwa Oracle. Sehemu yake kuu ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Inauweka mfumo endeshi mmoja ndani ya mwengine: Windows inabaki mwenyeji, Linux inaingia kama mgeni na kufanya kazi ndani ya dirisha lake. Mgeni anaamini ana diski nzima, kumbe ni faili tu kwenye diski ya mwenyeji. Kwa nyumba yenye laptopu moja, ambayo mama anaitumia kwa hesabu za duka na mdogo wako kwa kazi za skuli, huo ni ulinzi wa kweli. Ukiivuruga Linux, unafuta na kuanza upya. Ukikosea kuigawa diski ili mifumo miwili ikae ubavu kwa ubavu, unaweza kupoteza hesabu za duka pamoja na kazi za skuli.

Sasa tuje kwenye uzito. Mgeni huyu haji na chakula chake, anakula chungu kimoja na mwenyeji. Windows 11 inataka angalau GB 4 za RAM. Ubuntu ya kawaida, toleo la 24.04, inapendekezewa GB 4 pia. Laptopu yako ina GB 8? Hesabu imeshafika, na hata kivinjari hujafungua. Mwenyeji akiishiwa na RAM huanza kuegemea diski, na kama ni diski ya zamani ya kuzunguka, wote wawili wanatambaa. Tena tangu toleo la 6.1, la mwaka 2019, VirtualBox inadai prosesa yenye uwezo maalumu wa kubeba mashine pepe. Intel walianza kuuweka mwaka 2005 na AMD mwaka 2006, ila mara nyingine umezimwa kwenye BIOS. Angalia huko kwanza kabla hujamlaumu fundi.

Jengine ni "picha ya hali", ile inayokurudisha ulipokuwa jana. Inasaidia sana, lakini si nakala ya akiba, kwa sababu inakaa kwenye diski ileile. Sisi wa Unguja tunaletewa umeme kwa waya uliopita chini ya bahari, na tunakumbuka hitilafu ya Disemba 2009 iliyotuweka gizani kama miezi mitatu. Kompyuta ya mezani hapa Kiembe Samaki ikizimika ghafla, mwenyeji na mgeni wanaanguka pamoja. Diski ikifa, picha zako zinakufa nayo.

La mwisho ndilo zito. Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Wapo wanaoshauri: baki nayo, weka Linux ndani, utakuwa salama. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, ila hapa mwenyeji haponi. Programu chafu ikimuingia mwenyeji, inaweza kuona unachoandika kwenye kibodi na kufungua faili lilelile ambalo ndilo diski ya mgeni.

Hukumu yangu? VirtualBox ni chombo kizuri cha kujifunzia, si dawa ya kompyuta iliyochoka. Ukiwa na GB 16, itumie bila wasiwasi. Ukiwa na GB 8, chukua Debian isiyo na mandhari ya picha, ipe GB 1 au 2, itakutosha kujifunza amri na kuandika programu. Ukiwa na GB 4, achana nayo: weka Linux kwenye flashi, washa kompyuta kutoka huko, na diski ya mama usiiguse.