Dhahabu Iliyosuguliwa: Namna ya Kupima Mitungi ya Kale ya Kaure

Katika sebule za Dodoma na Bahi, mitungi ya kaure, yaani ya udongo mweupe uliochomwa kwa joto la takriban nyuzi 1,300, husifiwa kuwa ya kale kwa sababu tu imejaa dhahabu, na wauzaji hawaoni haya kudai kwamba ililetwa na misafara ya karne ya 19. Dai hilo halina mashiko, kwani misafara iliyopita Ugogo ililipa hongo, yaani ushuru wa njia, kwa vitambaa, shanga na nyaya; anayetaka kuaminika angalau aitaje reli, iliyofika Dodoma mwaka 1910.

Asiyejua hukimbilia kugeuza chombo atafute alama ya kiwanda kitakoni, ilhali alama ni shahidi wa kununuliwa: kiwanda cha Samson cha Paris, kilichoanzishwa mwaka 1845, kiliiga kazi za kiwanda cha Meissen cha Ujerumani na za China pamoja na alama zilizokaribia kufanana na za asili.

Kinachompita ni dhahabu yenyewe. Mafundi wa awali walipaka dhahabu iliyosagwa juu ya king'arishi, yaani ngozi ya kioo inayofunika udongo, wakarudisha chombo tanurini kwa joto la chini zaidi, nayo ikatoka imefifia, ikabidi isuguliwe kwa jiwe la akiki mpaka ing'ae. Chombo kikiinamishwa dirishani ili mwanga ukipige ubavuni, mikwaruzo myembamba ya akiki huonekana ikifuata mkunjo wa kila jani la nakshi, na mng'ao wake ni mzito, usiorudisha sura ya mtazamaji. Mnamo mwaka 1830 hivi, Heinrich Kühn wa Meissen alibuni dhahabu ya maji, inayotoka tanurini ikiwa tayari inametameta. Ni nyepesi, ni rahisi, na ndiyo inayowapumbaza wengi.

Walaghai huichubua hiyo kwa msasa ili izeeke. Msasa, hata hivyo, huchubua sawasawa kila upande, ilhali mikono ya vizazi huchubua mdomo, masikio na mabega, ikaacha dhahabu ya kwenye mabonde ya nakshi ikiwa nzima.

Hatimaye, weupe lazima uzidi dhahabu, na kanuni hii haina mjadala. Fundi wa zamani alijua pa kuishia. Mtungi uliofunikwa dhahabu kuanzia mdomo hadi kitako ni kazi duni, hata umri wake ukiwa wa kweli.